Tupeane uzoefu: neno gani la gari, ndege au safari limewahi kukukwamisha?

Mchumbageni

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili tangu mwaka juzi, na leo nalitoa kwa sababu wiki hii nimesikia familia nyingine imepatwa na lile lile.

Mama mdogo wangu alikuwa anakwenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua. Ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi ilikuja kwenye simu, imeandikwa Jumanne, 01:40. Tulikaa sebuleni watu wazima sita, wawili kati yetu walimu, tukaisoma na kukubaliana: saa saba na dakika arobaini usiku, siku ya Jumanne. Basi Jumanne asubuhi tukampandisha gari hapa Tanga. Alasiri akafika Dar, akapumzika kwa wifi yake Temeke, akaoga, akala, akafunga upya begi lake kwa kamba. Saa nne usiku wakawa uwanja wa ndege.

Kijana wa kaunta aliangalia, akaangalia tena, kisha akasema kwa upole, "Mama, ndege hii imeondoka jana usiku."

Iliruka sisi tukiwa tumelala Tanga, tukijua tuna siku nzima mbele yetu.

Nimelifikiria sana kosa lile. Sisi usiku tunauhesabu kwenye siku iliyotangulia. Jambo likitokea saa saba usiku baada ya Jumatatu, tunasema limetokea Jumatatu usiku, na siku haigeuki mpaka kuche. Tiketi inageuza siku saa sita kamili za usiku. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kina namna yake ya kulisema hili, tunaisikia kila siku kwenye taarifa ya habari: usiku wa kuamkia Jumanne. Aliyetuuzia tiketi angetamka maneno hayo manne tu, mama mdogo angetoka Tanga Jumatatu asubuhi.

Nauli ya pili ilikaribia ile ya kwanza. Alikaa Temeke siku nne akisubiri nafasi, na siku mtoto anapewa jina hakuwepo.

Naomba kila mwenye kisa cha neno la safari ambalo halikumkaa sawa, liwe la gari, la ndege, la basi au la mpakani, akiweke hapa kwa kirefu. Watu wanasafiri kila siku na wengi hawana wa kumuuliza.

Bint Makunduchi

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mama mdogo.

Na huko kwenu mna nafuu, sisi Unguja tuna la ziada. Kwetu siku inaanza magharibi, jua likishazama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni, tunaosoma Yasini. Ukitaka ule unaofuata mchana wa Ijumaa unasema Ijumaa usiku. Kwa mtu wa nje maneno hayo mawili yanafanana, kwetu yamepishana siku nzima.

Baba alikuwa anarudi kutoka matibabuni India. Nikampigia dereva mmoja wa Mbagala, mtu mzuri, nimemtumia miaka. Nikamwambia, "Mzee anashuka usiku wa Jumapili, saa tatu." Mimi namaanisha Jumamosi baada ya isha. Yeye akaandika Jumapili usiku, kama ambavyo mtu wa bara yeyote angeandika. Baba alikaa nje ya jengo la abiria na mshono wake tumboni mpaka saa sita usiku, simu yake haina chaji, mimi niko Unguja nadhani keshafika kwa mwanangu.

Siku hizi simwambii mtu siku bila kutaja na tarehe. Na nikisema usiku naongeza: kabla ya saa sita au baada ya saa sita.

Tela la Magharibi

Mimi ni dereva wa semi, naenda Kigali na Bujumbura mwaka wa kumi na moja huu. Kisa changu kina maneno mawili, na moja lilikaribia kuniua, kwa hiyo nitakieleza taratibu.

Ruti yetu mnaijua: Dar, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Pale Rusumo, mpakani na Rwanda, ukivuka daraja la Mto Kagera unahama upande wa barabara. Huku tunaendesha kushoto, wenzetu kulia. Hilo kila dereva mgeni anafundishwa kabla hajaondoka yadi. Lugha hakuna anayekufundisha.

Safari yangu ya pili nilipofika karibu na Kibungo nikaona gari haishiki vizuri nikikanyaga breki. Nikaingia kwa fundi wa pembeni ya barabara. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu. Akalala chini ya tela, akatoka, akaniambia, "Feri zimekwisha. Na pine moja ya nyuma haifai."

Mimi ni mtoto wa Kigamboni. Feri kwangu ni pale tunapopanda pantoni, na soko la samaki. Nikamjibu kwamba sikupita feri yoyote, nimepita darajani. Naye akadhani nimekataa kutengeneza, akaanza kukusanya spana zake. Ni utingo wangu aliyemwambia, "Mzee, tuonyeshe kwa mkono." Akatupeleka kwenye dramu. Lainingi, zile pedi zinazosugua dramu kusimamisha gurudumu, zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Feri kwao ni breki. Pine ni tairi. Yametoka kwenye Kifaransa, kama yetu yalivyotoka kwenye Kiingereza.

Akafunga lainingi mpya, tukalipana, tukaagana vizuri. Wakati naondoka akanipa ushauri: "Milima ya huko mbele, shuka na vitesi ndogo."

Neno hili ndilo lenyewe. Nikaelewa mwendo mdogo. Nikaona ushauri huo naujua, kila mtu anasema nenda polepole. Basi kwenye mteremko mrefu nikaacha gia ile ile kubwa niliyokuja nayo tambarare, nikawa nashikilia mwendo kwa mguu. Kanyaga, achia, kanyaga, achia. Polepole kweli. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya lainingi kuungua, na pedali ikaanza kwenda chini bila gari kupungua. Nashukuru Mungu upande wa kulia palikuwa na sehemu pana yenye kifusi. Niliingiza humo, utingo akaruka na gogo lake akaliweka chini ya tairi.

Nilitetemeka karibu nusu saa. Dereva mmoja wa Bujumbura akasimama, akatuuliza, na nilipomweleza nilichoambiwa na fundi akashika kichwa. Vitesi ni gia! Fundi aliniambia nishuke na gia ndogo, injini yenyewe ilizuie gari, mguu uwe wa kusaidia tu. Mwendo mdogo kwa breki peke yake, mzigo ukiwa mzito, ndiyo unaochemsha dramu mpaka breki zinakufa. Sisi wenyewe tuna msemo wetu, gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Nilikuwa naujua tangu nikiwa utingo, ila siku ile nilisikia neno jingine nikaacha la kwangu.

Vijana wanaoanza ruti hii, andikeni ukutani mwa kebini: feri ni breki, pine ni tairi, vitesi ni gia.

Msafiri wa Likoni

Tela, pole kaka. Sisi Mombasa pia feri ni feri, ile ya Likoni, kwa hivyo ningekwama hapo hapo ulipokwama.

Yangu ilikuwa Dar. Nilikuja kwa harusi ya binamu, nikaelekezwa kwa simu: panda gari, ukifika mataa shuka, pita kipilefti, utaona sheli, ukifika sheli nipigie. Nyinyi mwaona ni maelekezo mepesi. Mimi nilikuwa nimebeba mahari ya watu.

Mataa nilifahamu, taa za barabarani. Kipilefti nilidhani ni jina la mtaa, kumbe ni mzunguko wa barabara! Sheli ndiyo iliyonimaliza. Nilitembea na jua la saa saba nikitafuta kituo cha mafuta chenye alama ya kombe la njano, ile Shell. Nilipita vituo viwili vya mafuta vya kampuni nyingine, sikuvitazama mara mbili. Nilipompigia binamu akaniuliza, "Wewe umeziona sheli ngapi mpaka sasa?" Hapo ndipo nilipojua kwamba huku kituo chochote cha mafuta huitwa sheli.

Na konda jamani. Kwetu tunasema makanga, na pa kupandia ni steji. Nilimuuliza mama mmoja steji ya matatu iko wapi akanitazama kwa huruma, kisha akanishika mkono akanipeleka mwenyewe kituoni. Mama yule Mungu ambariki. Aliniambia pia nisipande kituo kile jioni, gari zinajaa, bora nigeuze nayo. Maana yake upande gari inayoelekea mwisho wa ruti, ulipe, ukae kwenye siti, urudi nayo. Neno hilo nimelipeleka Mombasa, rafiki zangu wamelipenda.

Fundi wa Gerezani

Nimesoma ya Tela nikasisimka. Kweli neno linaua.

Niwape la gereji. Mteja anakuja, anasema, "Fundi, gari inatetemeka." Anataka nimwambie bei papo hapo. Kutetemeka kuna aina zake na kila aina ina mahali pake. Ikitetemeka sukani ukifika mwendo wa 80 au 100, ukipunguza inatulia, anza na tairi, kapige wili balansi, gharama yake ndogo. Ikitetemeka pale tu unapokanyaga breki, tazama diski, huenda zimepinda. Ikitetemeka imesimama, iko sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, mfano kwenye taa nyekundu za barabarani, hapo aidha injini ina misi, silinda moja haichomi vizuri, au maunti za injini zimechoka. Sasa wewe ukisema inatetemeka tu, umenipa ruhusa ya kufungua gari zima.

Alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima. Alikuwa ametoka gereji nyingine ambako walishambadilishia boljointi, tai rodi na bushi za mbele, pesa nyingi, na gari bado inatetemeka. Nikamuuliza: lini? Akasema njia kuu, mwendo ukikolea. Nikamuuliza tena: ukipunguza? Akasema inaacha. Nikampeleka kwa jirani wa balansi, rimu mbili zilikuwa hazina zile risasi ndogo za pembeni za kusawazisha uzito. Dakika arobaini akaondoka gari imetulia. Alikaa kimya kwenye usukani, halafu akaniambia, "Mwanangu, kumbe nilikuwa sijui kuuliza."

Sijui kama wale walimwibia au walikosea. Ninachojua ni kwamba hakuwa na maneno ya kuwazuia. Kwa hiyo mkija kwetu semeni lini inafanya, wapi mnaisikia, imeanza baada ya nini. Jina la kifaa tuachieni sisi. Na kifaa cha zamani mdai mpewe, ni haki yenu.

Kiti cha Dirishani

Mimi naishi Toronto. Mwaka jana nilimleta bibi yangu kutoka Kigoma, ana miaka 78, Kiswahili na Kiha tu.

Pale Dar, mjomba alimfikisha mlangoni akamwambia, "Ukiingia nenda Uhamiaji." Bibi akaingia, akakaa kwenye benchi. Foleni ikapita, ikaisha. Ofisa akamfuata, "Bibi, husafiri?" Akamjibu, "Nasafiri, lakini sihami. Naenda kumwona mjukuu nirudi kulima." Kwa lugha yake alikuwa sahihi kabisa. Kuhama ni kubeba vyungu vyako. Yule ofisa alimshika mkono, akamgongea paspoti, akamwambia, "Basi nimeandika kwamba huhami."

Nilichojifunza, mtu mzee ukimkatia tiketi omba kiti cha magurudumu wakati huo huo wa kukata, hata kama anatembea vizuri. Watu wa kiti wanampitisha kila mlango, na pale anapounganisha ndege wanampeleka mpaka ya pili. Bibi aliunganisha Addis Ababa bila kumuuliza mtu hata mmoja.

Halafu ile karatasi wanayofunga kwenye begi kubwa. Ina herufi tatu kubwa za uwanja ambao mzigo unashukia. Ya bibi ilisomeka YYZ, ndiyo Toronto. Nilimwambia mjomba aipige picha anitumie kabla begi halijapita kwenye mkanda. Kama ingesomeka ADD ningejua mzigo unaishia Addis. DAR ni Dar, ZNZ ni Zanzibar, NBO ni Nairobi, JRO ni Kilimanjaro. Muulizeni mtu wa kaunta kwa Kiswahili chenu hicho hicho: mzigo unafika mpaka wapi?

Kitu kimoja nilikisahau. Mafuta ya mawese ya bibi, chupa ya lita moja, aliiweka kwenye begi la mkononi. Viwanja vingi, kimiminika cha juu ya mililita 100 hakipiti ukaguzi. Aliiacha pale, na mpaka leo ananitajia.

Pwani Raha

Mimi kifupi. Niliambiwa ndege ni pangaboi, nikalia. Kwetu pangaboi ni feni ya darini, ile inayoyumba. Nilidhani nimepewa ndege mbovu. Mhudumu alinieleza kwamba injini zake ni za kisasa, inatumia mapanga kwa sababu inaweza kutua viwanja vyenye njia fupi, ndiyo maana inafaa mikoani. Sasa nikiona mapanga natulia.

Mzee wa Jahazi

Wanangu, nimeyasoma yote kwa kusaidiwa na mjukuu. Mimi ni mtu wa Lamu, nimeenda bahari tangu utoto.

Mara ya kwanza kupanda ndege ilikuwa Manda. Uwanja wetu uko kisiwa cha pili, unavuka kwa mashua ndipo ukapande. Nikaketi, nikafungwa mkanda, na kwenye kipaza sauti wakasema rubani wetu ni fulani. Nikamgeukia jirani yangu kumuuliza kama tutapita baharini. Kwa maana rubani ninayemjua mimi ni mtu wa chombo. Ni yule ajuaye mlango wa bandari, wapi pana mwamba, wapi pana fungu, maji yakitoka ni pima ngapi. Nahodha ana chombo chake, lakini pa hatari anamsikiliza rubani.

Kisha nikatazama nikaona maneno yote ni yetu. Usukani mnaoshika kwenye magari ni ule wa nyuma ya jahazi, unaogeuza chombo majini. Nauli ni malipo ya chombo tangu enzi za wazee wetu. Gari zilikuja zikayakuta maneno pwani, ndege zikaja zikayachukua tena.

Ndege ile ilipoinuka ikalala upande mmoja kugeuka, watu walishika viti. Mimi nilituliza moyo nikajiambia, tunabisha. Chombo kikibisha, yaani kikipanda kukabili upepo, nacho hulala, upande wa joshini unaopigwa na upepo ukainuka, wa demani wa pili yake ukashuka karibu na maji, na mtu wa bahari haogopi kwa hilo. Bawa likashuka, bawa likainuka, tukakaa sawa.

Nimesema haya kwa ajili ya yule bibi wa Kigoma na mama mdogo wa Tanga. Wakiambiwa maneno wanayoyajua, hawapotei.

Mchumbageni

Mzee wetu, shikamoo. Nimemsomea mama mdogo maneno yako kwenye simu, yuko Muscat tena kwa mjukuu wa pili, akanyamaza kidogo kisha akaniomba nirudie pale pa kubisha.

Fundi na Tela, nimeyanakili yenu na kumpelekea kaka yangu ambaye anaanza kazi ya lori mwezi ujao.

Mama mdogo anarudi wiki hii. Tiketi imeandikwa Ijumaa, 00:20. Sikumwambia chochote, nilimuuliza tu atatoka nyumbani lini.

Akasema, "Alhamisi, nikishaswali magharibi. Mwambie Bint Makunduchi, usiku wa Ijumaa."